Vijiti vya Pavla Kogej

Nilikuwa na seli elfu nne za namba,
zote zimelala ndani ya kompyuta moja, Ljubljana,
ghorofa ya tatu, karibu na mashine mbovu ya kahawa.
Kila seli nimeipa mlinganyo wake, uvivu wake,
kipimo cha chumvi iingiayo na itokayo.
Nikazipanga kama zilivyopangwa kilindini mwa ubongo,
hizi za kuuliza, hizi za kukawiza,
na mbele ya thalamasi nikamweka bawabu.

Bawabu huyu kazi yake ni neno moja.
La. La. La. Mara sabini kwa sekunde,
uwe umelala, uwe unamenya viazi.
Anayetaka kuinua kikombe hapigi mlango:
humtuma mtu amnyamazishe bawabu,
na katika upenyo huo wa kimya
mkono unapita.
Nilizoea kuwaambia wanafunzi:
kutenda si amri, ni katazo lililokatazwa.
Walicheka, wakaandika.

Nilipopunguza dopamini
(ni herufi moja tu, naishusha kwa kidole)
elfu nne zikaanza kuyumba pamoja,
ishirini kwa sekunde, kama watu darajani
waliopatana hatua bila kuagana.
Nilishangilia. Ugonjwa ulikuwa umetii.

Kisha Pavla Kogej akaja kutoka Idrija,
miaka sabini na mmoja, koti la kijani,
begi kubwa alilokataa kupokewa.
Mkono wa kulia ulitikisa kijiko
hadi supu ikaisha njiani.
"Babu yangu alitetemeka kwa zebaki," akasema.
"Wachimbaji wote. Tuliwajua kwa mlio wa vikombe vyao.
Mimi sijashuka shimoni hata siku moja.
Natetemeka kwa lipi?"
Sikuwa na mlinganyo wa swali hilo.

Akafungua begi, akaweka mto mezani, mnene kama gogo;
nje ya dirisha mto mwingine ukipita zake.
Pini, uzi, jozi kumi na nne za vijiti.
"Nikikaa bure mikono hunitoroka. Ngoja."
Na vijiti vikaanza: ko-ko, ko, ko-ko,
kulia juu ya kushoto, pindua, vusha,
na mkono ule, ule ule wa supu,
ukatulia kama aliyeitwa kwa jina lake.

Usiku nilizirudia seli zangu kwa aibu.
Nilikuwa nimechora shimo bila mji.
Gamba la ubongo, lote, na mikunjo yake yote,
nililiandika kama namba isiyobadilika: sifuri nukta tisa.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Sikio lisikialo ko-ko halikuwepo,
wala miaka sitini ya lesi,
wala ile njia ya mkato itokayo juu
ikateremka bila hodi
hadi kwa yule anayemchochea bawabu.

Idrija, ukiitazama, ni mapaa na maua ya madirishani;
chini yake giza lenye ngazi, ngazi chini ya ngazi.
Wa juu walikula kwa jasho la wa chini,
wa chini walipumua hewa iliyosukumwa na wa juu.
Nani basi alimwendesha nani?

Nimeongeza safu. Nimeongeza nyaya. Nimeipa mdundo.
Jumanne modeli ililipuka, namba zote zikawa si namba.
Alhamisi ilitulia sekunde tatu na robo,
kisha ikarudia kuyumba.
Sekunde tatu na robo si kitu.
Ni vijiti kuvuka mara mbili.

Pavla amenitumia lesi kwa posta, duara dogo.
Mahali pamoja uzi ulikosea njia;
ameufunga fundo, akaendelea.
Nimeibandika juu ya skrini,
pembeni kulia, pale inaponizibia saa.